Divai, Matunda na Karanga

Msafiri anayenunua karanga za chumvi Ipogolo, azile jioni pamoja na divai ya Dodoma, hakukosea: chumvi na mafuta yake hupunguza ukakasi wa divai nyekundu kavu. Matunda yanahitaji kupimwa kwa utamu. Tunda likiizidi divai kwa sukari, divai huonekana chachu mdomoni. Hivyo embe au ndizi mbivu huliwa na divai tamu, na parachichi na divai nyeupe kavu. Ulanzi tunauweka kando, kwa kuwa utamu wake wa asubuhi hugeuka uchachu kufikia jioni.

Uangalifu mkubwa unahitajika katika karanga. Zikihifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, nayo hudhuru ini, kiungo kilekile kinachobeba mzigo wa pombe. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukaanga hakuiondoi yote, na chumvi huweza kuficha uchungu wa punje iliyoharibika. Inafaa zaidi mlaji anunue karanga mbichi, azichambue penye mwanga, atupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kisha azikaange mwenyewe. Kwa zilizofungashwa, aangalie alama ya ubora ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi.