Ugonjwa wa choo katika mji wa matajiri

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hivyo, msomaji, naomba radhi mapema, maana leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa kunong'ona: haja kubwa, mahali pa kwendea haja hiyo, na yanayotokea pale mahali hapo panapokosekana.

Mama mmoja wa makamo alikuja katika kliniki yangu kuulizia chanjo. Alikuwa akijiandaa kwenda California, Marekani, kumtazama mjukuu wake aliyezaliwa huko. Binti yake kitinda mimba, msichana wa chuo kikuu, alikuwa afuatane naye. Nilipowatajia chanjo ya homa ya ini ya aina ya A, mama aliangua kicheko.

"Daktari, huo si ugonjwa wa choo?" akaniuliza. "Marekani nako kuna ugonjwa wa choo?"

Nilimjibu kwamba upo, na kwamba umewahi kuua watu katika mojawapo ya miji yenye fedha nyingi huko. Kisa hicho kina mafunzo kwa kila mtu anayeishi mjini, awe San Diego au Nairobi.

Yaliyotokea San Diego

San Diego ni mji wa pwani kusini mwa California, karibu na mpaka wa Mexico. Una fuo nzuri, bandari ya manowari na mahoteli ya watalii. Nyumba zake ni ghali mno, na mshahara wa mtu wa kawaida hautoshi kodi. Hesabu iliyofanywa mwaka 2017 ilionyesha kwamba katika kaunti hiyo zaidi ya watu 9,000 hawakuwa na makao. Wengi wao walilala katika mahema kando ya barabara, chini ya madaraja au kwenye magari.

Kuanzia Novemba 2016 watu wenye macho ya manjano walianza kufika hospitalini. Mwanzoni maafisa wa afya walidhani kuna chakula kilichochafuka, kwa kuwa katika nchi tajiri ugonjwa huu mara nyingi hutokana na chakula. Walipochunguza hawakupata chakula wala kisima kilichowaunganisha wagonjwa. Maradhi yalikuwa yakipita kutoka mtu hadi mtu, na wengi wa walioambukizwa walikuwa watu wasio na makao, watumiaji wa dawa za kulevya, au wote wawili kwa pamoja.

Tarehe 1 Septemba 2017 kaunti ilitangaza hali ya dharura. Mlipuko ulipokwisha mwaka 2018, wagonjwa 592 walikuwa wamehesabiwa, na 20 kati yao walikufa. Takriban theluthi mbili ya wagonjwa walilazwa hospitalini. Majimbo mengine, kama vile Michigan, Kentucky na West Virginia, yalipata milipuko ya namna hiyo hiyo katika miaka hiyo.

Virusi hivi huenea vipi?

Homa ya ini ya aina ya A huletwa na virusi. Usiichanganye na homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu. Virusi hivi hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia mwilini kwa njia ya mdomo. Kiasi kidogo sana, kisichoonekana kwa macho, chatosha kumwambukiza mtu. Mkono usionawa hugusa kitasa cha mlango, kikombe, sigara inayopokezanwa au kipande cha mkate, na safari ya virusi inakuwa imekamilika.

Mambo mawili huufanya ugonjwa huu uwe mgumu kuuzuia. La kwanza ni ustahimilivu wa virusi vyenyewe: vyaweza kuishi nje ya mwili kwa majuma, hata miezi. La pili ni ukimya wake. Mtu akishaambukizwa huchukua siku 15 hadi 50, kwa wastani siku 28, kabla ya kuanza kuumwa. Katika majuma mawili kabla ya macho yake kugeuka rangi, tayari huwa anatoa virusi kwa wingi. Kwa maneno mengine, mtu huwaambukiza wenzake wakati yeye mwenyewe hajui kama ana ugonjwa.

Dalili ni homa, uchovu mwingi, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu na maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Baadaye mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, kinyesi hupauka, na macho na ngozi huwa manjano. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivi. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji ya kutosha, na kwa kawaida hupona kabisa baada ya majuma au miezi kadhaa.

Ikiwa kwa kawaida wagonjwa hupona, mbona San Diego walikufa 20? Kwa jumla ugonjwa huu huua chini ya mtu mmoja kwa kila wagonjwa 100. Lakini baadhi ya waliougua huko walikuwa na maini yaliyokwisha kudhoofishwa na pombe au na homa ya ini ya aina ya B au C. Mzigo mdogo humwangusha punda aliyekwisha choka.

Kinga ya ajabu

Jambo moja humshangaza kila ninayemweleza. Katika nchi ambazo maji na vyoo havitoshi, watoto wengi hupatwa na virusi hivi wakiwa wadogo. Mtoto wa chini ya miaka sita mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, na akipona hupata kinga ya maisha. Katika nchi yenye maji safi, mtoto hukua bila kukutana na virusi, na huwa mtu mzima asiye na kinga. Kadiri umri unavyoongezeka ndivyo ugonjwa unavyokuwa mkali.

Marekani ilianza kupendekeza chanjo hii kwa watoto wote wa nchi mwaka 2006. Watu wazima waliolala barabarani San Diego mwaka 2016 walikuwa wamezaliwa miaka mingi kabla ya hapo. Walilelewa katika usafi ambao haukuwapa kinga ya asili, kisha wakatupwa katika uchafu bila chanjo.

Vyoo vilikwenda wapi?

Mtu mwenye nyumba huenda haja nyumbani, ofisini au hotelini. Asiye na nyumba hutegemea choo cha umma, na katikati ya San Diego vyoo vya umma vilikuwa haba, hasa usiku. Maduka na mikahawa ilikataa kumfungulia mtu asiye mteja. Majopo ya raia ambao kazi yao ni kuchunguza utendaji wa serikali ya kaunti yalikuwa yameonya juu ya upungufu huo miaka kadhaa kabla ya mlipuko. Isitoshe, kimojawapo cha vyoo viwili vya kisasa vilivyowekwa katikati ya mji kiliondolewa mwaka 2016, baada ya malalamiko kwamba kilivutia wahalifu.

Kuna na historia ndefu zaidi. Hadi miaka ya 1970, vyoo vingi vya umma nchini Marekani vilikuwa vya kulipia, kwa kutia sarafu mlangoni. Wanawake walilalamika kwa haki, kwa kuwa mahali pa wanaume pa kukojolea palikuwa bure ilhali wao walilipa kila mara. Mwaka 1969 mbunge wa jimbo la California, March Fong Eu, alivunja choo kwa nyundo mbele ya jengo la bunge la jimbo ili kuonyesha hasira yake, na mwaka 1974 jimbo hilo likapitisha sheria ya kuzuia vyoo vya kulipia. Nia ilikuwa njema. Lakini miji mingi ilipoacha vyoo vya sarafu, haikujenga vya bure vya kutosha kuchukua nafasi yake.

Maji ya klorini na sindano

Baada ya dharura kutangazwa, mji ulianza kuosha barabara kwa maji yaliyotiwa klorini, ambayo huua virusi hivi. Masinki ya kunawia mikono yaliwekwa penye mahema mengi, na vyoo vikaachwa wazi usiku na mchana. Wauguzi, wakifuatana na polisi na wafanyakazi wa jamii, walitembea kwa miguu hadi kwenye mahema na kingo za mto wakiwachanja watu pale pale walipo. Zaidi ya chanjo 100,000 zilitolewa.

Chanjo hii ina nguvu sana. Dozi moja humkinga mtu mzima mwenye afya kwa kiasi kikubwa ndani ya mwezi mmoja, na ya pili, miezi sita au zaidi baadaye, huimarisha kinga hiyo kwa miaka mingi. Hata aliyekwisha kuchangamana na mgonjwa aweza kukingwa akichanjwa ndani ya majuma mawili.

Hata hivyo, tafakari gharama. Wagonjwa wengi walilazwa hospitalini, wafanyakazi waliosha barabara, na watu 20 walikufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuosha barabara ni lazima penye uchafu, lakini aliyekosa choo jana na leo amekikosa, na kesho pataoshwa tena.

Choo chahitaji mlinzi

Kaskazini mwa jimbo hilo hilo, mji wa San Francisco ulikuwa na taabu kama hiyo. Ni mji wa matajiri wa kompyuta, lakini hesabu ya mwaka 2024 ilikuta watu 8,323 wasio na makao. Mwaka 2014, katika mtaa wa Tenderloin ambako watoto walikwenda shule wakiruka kinyesi, idara ya usafi ilianzisha vituo vilivyoitwa Pit Stop. Kila kituo kina choo, sinki, mahali pa kutupia sindano zilizotumika na, lililo muhimu kuliko yote, mtu wa kukisimamia. Msimamizi husafisha kila mtu anapotoka na hubisha hodi mtu akikawia ndani, maana huenda amezidiwa na dawa za kulevya. Wengi wa wasimamizi ni watu waliowahi kufungwa gerezani, na kwao kazi hiyo ni mwanzo mpya.

Hili ndilo jibu kwa wale wanaosema choo cha umma huleta uhalifu. Choo kisicho na mtu huleta uhalifu. Choo chenye msimamizi hutumiwa na mama mwenye mtoto, mzee na dereva wa teksi.

Lakini hata San Francisco haikukosa kituko. Mwaka 2022 watu walistaajabu kusikia kwamba choo kimoja katika uwanja wa Noe Valley kingegharimu dola milioni 1.7. Makelele yalikuwa mengi, kampuni zikatoa choo kilichokwisha undwa kiwandani kama msaada, na kikafunguliwa Aprili 2024 kwa gharama ndogo zaidi. Kumbe fedha zaweza kuwapo, na choo kisiwepo.

Sisi je?

Katika miji yetu twalipa shilingi chache mlangoni, na mara nyingi msimamizi yupo na maji yapo. Huo ni utaratibu mzuri kwa mwenye shilingi. Lakini mtoto anayelala kwenye veranda za maduka, na mchuuzi ambaye hajauza kitu tangu asubuhi, huamua kati ya choo na mkate. Virusi havichagui tabaka. Mkono wa mchuuzi ndio unaokukatia tunda, na noti aliyoishika yeye huishika wewe pia.

Kwa hivyo nashauri yafuatayo:

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila utokapo chooni na kabla ya kula au kupika. Dawa ya mikono yenye spiriti si badala ya sabuni, kwani haiviui vizuri virusi vya homa ya ini ya aina ya A.

Chemsha maji ya kunywa, na osha au menya matunda mwenyewe.

Nyumbani mkiwa na mgonjwa, safisha choo kwa dawa ya klorini kama ilivyoelezwa kwenye chupa. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, kwa maana hutoa hewa ya sumu.

Ukiona macho yako yamegeuka manjano, nenda kwa daktari. Acha pombe kabisa, na usinywe dawa yoyote, hata ya kienyeji au ya kutuliza maumivu, kabla ya kumwuliza, kwa kuwa ini lililoumia haliwezi kuzibeba.

Ukiwa na ugonjwa wa ini wa muda mrefu, au ukisafiri, uliza juu ya chanjo.

Na yule mama? Tulimpima damu. Alikuwa na kinga kamili, aliyoipata bila kujua alipokuwa mtoto akichota maji mtoni. Binti yake, aliyelelewa kwa maji ya mfereji katika mtaa wa Nairobi, hakuwa na kinga hata kidogo. Nilimchanja siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo daktari," mama akasema, "mtoto wangu niliyemlea vizuri ndiye aliye hatarini?"

Ndivyo, mama. Watoto wetu wengi sasa wako kama wale wa San Diego: wanakua bila kinga, katika mji ambao bado una watu wasio na choo. Kumjengea choo asiye nacho ni kumkinga mtoto aliyelala ndani ya nyumba yako.