Sam Joseph Ntiro: Mchoraji, Mwalimu na Suala la Mtindo

Sam Joseph Ntiro (1923–1993) alizaliwa Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo hayo mwaka 1937. Trowell hakuwapa wanafunzi vielelezo vya kunakili. Aliwasimulia tukio kwa maneno, nao wakalichora kama walivyoliona akilini. Baada ya kuhitimu, Ntiro alibaki Makerere akiwa mwalimu.

Kuanzia mwaka 1952 hadi 1955 alisoma Slade, London, shule iliyosifika kwa kufundisha uchoraji wa mwili wa binadamu. Hata hivyo, michoro yake ya baadaye haikubadilika sana: vilima vya kijani, migomba, na watu wengi wadogo wakifanya kazi pamoja, nyuso zao zikiwa hazina undani. Wapo wahakiki waliouona mtindo huo kuwa wa kitoto na kuulaumu ufundishaji wa Trowell. Hoja hiyo haitoshi. Aliyekaa Slade miaka mitatu hakukosa fursa ya kujifunza kivuli na umbali. Aliviacha kwa sababu mada yake haikuvihitaji. Katika mchoro wake wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, mtendaji ni kundi zima. Uso mmoja uliochorwa kwa makini ungelivunja kundi hilo. Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yaliununua mchoro huo mwaka 1960.

Ntiro aliiwakilisha Tanganyika jijini London akiwa balozi kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, kisha akashughulikia utamaduni serikalini na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoifanya kazi ya pamoja kuwa sera ya taifa, yeye alikuwa ameichora kwa miaka mingi.

Udhaifu wake uko kwingine. Tangu miaka ya 1920 kahawa ilikuwa imeleta fedha Kilimanjaro, na pamoja na fedha hizo ushindani wa ardhi na tofauti za kipato. Katika kijiji anachokichora Ntiro, kila mkono una jembe au mzigo, na hakuna anayegombana na jirani yake.