Uraibu wa Kubashiri: Jinsi Unavyojengeka na Njia za Kujinasua

Michezo ya kubahatisha ni shughuli halali nchini Tanzania. Husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya mwaka 2003, na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kuicheza. Uhalali huo, hata hivyo, haumaanishi kwamba huduma hii haina madhara. Zamani aliyetaka kucheza alilazimika kwenda mahali maalumu, katika saa maalumu, akiwa na fedha taslimu mfukoni. Leo duka la kubashiri, karani wa malipo na pochi ya fedha vyote vimo ndani ya simu moja, navyo viko wazi usiku na mchana. Watu wengi hucheza kwa kiasi na huacha wanapotaka. Wapo wengine ambao wanataka kuacha na hawawezi. Makala hii imeandikwa kwa ajili yao na kwa ajili ya wanaoishi nao.

Uraibu ni nini?

Uraibu ni hali ya mtu kuendelea kufanya jambo ilhali anayaona madhara yake na amekwisha kujaribu kuliacha bila mafanikio. Kipimo chake si kiasi cha fedha peke yake. Mfanyabiashara anayetumia shilingi 50,000 kwa mwezi kwa burudani, kisha akaacha bila taabu mwezi unaofuata, si mraibu. Dereva wa bodaboda anayetoa shilingi 2,000 kila siku kutoka kwenye fedha ya chakula cha watoto, huku akijiapiza kila asubuhi kwamba jana ilikuwa mwisho, yumo katika hatari kubwa.

Kwa muda mrefu jamii iliichukulia hali hii kuwa upungufu wa maadili tu. Sayansi ya tiba haikubaliani na mtazamo huo. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo la tano la mwongozo wake wa magonjwa ya akili, kiliuweka uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo limeuorodhesha katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022.

Kwa nini ni vigumu kuacha?

Ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini ambayo hutusukuma kurudia jambo lililotupa faida au raha. Kemikali hiyo huchochewa zaidi na malipo yasiyotarajiwa kuliko malipo yaliyozoeleka. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha, katika karne ya 20, kwamba mnyama anayepata chakula kila anapobonyeza kitufe huacha mapema chakula kikikatizwa. Anayepata chakula mara mojamoja, bila mpangilio unaotabirika, huendelea kubonyeza kwa muda mrefu sana. Michezo ya kubahatisha hutoa malipo kwa namna hiyo ya pili.

Kuna pia hali ya kukosa kidogo. Mkeka wa mechi kumi unapochanika kwa mechi moja, mchezaji hajisikii kama mtu aliyeshindwa. Hujisikia kama mtu aliyekaribia kushinda, na hapo hapo hutafuta dau jingine. Ukweli ni kwamba mkeka uliokosa mechi moja na uliokosa mechi saba hulipa sawa, yaani sifuri.

Jambo la tatu ni imani kwamba bahati ina deni kwetu. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa gurudumu la kamari ulitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyojirudia ndivyo wachezaji walivyozidi kuweka fedha kwenye nyekundu, wakiamini kwamba zamu yake imefika, nao wakapoteza fedha nyingi. Gurudumu halina kumbukumbu. Aliyeshindwa mara kumi hana nafasi kubwa zaidi ya kushinda mara ya 11.

Hesabu ambayo kila mchezaji anapaswa kuijua

Chukua mfano wa ubashiri wenye matokeo mawili yaliyo sawa kwa uwezekano, kama sarafu inayorushwa. Malipo ya haki yangekuwa odi ya 2.00, lakini kampuni hutoa, tuseme, 1.90. Ukiweka shilingi 1,000 mara 100 na ukashinda mara 50, umetoa shilingi 100,000 na umepokea 95,000. Hizo 5,000 ndizo faida ya kampuni.

Sasa unganisha chaguo kumi za aina hiyo katika mkeka mmoja. Dau la shilingi 1,000 litakuahidi takribani shilingi 613,000, na hapo ndipo mvuto ulipo. Uwezekano wa chaguo zote kumi kutimia, hata hivyo, ni mara 1 kati ya 1,024. Anayecheza mkeka mmoja kama huo kila siku anaweza kutarajia, kwa wastani, ushindi mmoja katika karibu miaka mitatu. Atakuwa ametumia shilingi 1,024,000 ili apate 613,000. Kadiri mechi zinavyoongezeka kwenye mkeka, ndivyo sehemu ya kampuni inavyokuwa kubwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, jihadhari na wanaouza "mikeka ya uhakika" katika makundi ya mitandaoni. Mtu mwenye uhakika wa matokeo hana haja ya kukuuzia siri hiyo kwa shilingi 5,000.

Dalili za kujipima

Jiulize maswali yafuatayo kuhusu miezi 12 iliyopita:

• Je, umekuwa ukiongeza dau ili kupata msisimko uleule wa awali?
• Je, umejaribu kupunguza au kuacha ukashindwa?
• Je, hukosa utulivu na kuwa mkali usipocheza?
• Je, ukishindwa hurudi kesho yake ili kukomboa fedha iliyopotea?
• Je, umewadanganya ndugu kuhusu kiasi unachocheza?
• Je, umekopa, umeuza kitu cha nyumbani au umetumia fedha isiyo yako?
• Je, kazi, masomo au ndoa yako imetikisika kwa sababu ya mchezo?

Ukijibu ndiyo kwa maswali manne au zaidi, tafuta ushauri wa kitaalamu. Hata ndiyo moja, hasa katika swali la kukomboa fedha au la kudanganya, inatosha kukufanya usimame na kutafakari.

Hatua za kujinasua

Wengi huanza kwa kuapa. Kiapo pekee hakidumu, kwa sababu kinamtaka mtu apigane na hamu saa 24. Njia bora ni kuweka vizuizi kati ya hamu na kitendo ukiwa bado umetulia.

1. Funga milango. Toa salio lililobaki, kisha iandikie kila kampuni unayoitumia ikufungie akaunti, na uhifadhi jibu lake. Futa programu kwenye simu na usitishe ujumbe wa matangazo. Jitoe katika makundi ya mikeka. Ukiacha akaunti moja wazi, hiyo ndiyo utakayoirudia.

2. Iweke fedha mbali na simu. Siku ya kupokea mapato, lipa kwanza kodi ya nyumba, ada na chakula. Kinachobaki kipeleke VICOBA au kwenye akaunti isiyounganishwa na simu. Kama unapata fedha kila siku, mkabidhi mwenzi wako au ndugu unayemwamini kila jioni. Si aibu, ni utaratibu wa muda hadi utakapopata nguvu.

3. Vijue vichochezi vyako. Kwa wiki mbili andika kila hamu inapokujia: saa, mahali, watu uliokuwa nao na hali ya moyo wako. Huenda ukagundua kwamba hamu huja Jumamosi kijiweni, au usiku baada ya ugomvi. Ukikijua kichochezi, unaweza kukikwepa au kujiandaa nacho.

4. Ahirisha. Hamu hupanda na kushuka kama maji kujaa na kupwa. Ikikujia, jiwekee dakika 30 kabla ya kufanya lolote. Toka nje, tembea, oga, mpigie mtu simu. Mara nyingi muda huo ukiisha, makali yake yamekwisha kupungua.

5. Jaza pengo. Mchezo ulikupa msisimko, mazungumzo na kitu cha kungojea. Usipoweka kingine mahali pake, nafasi itajazwa na mazoea ya zamani. Cheza mpira badala ya kuubashiria, jiunge na kwaya, madrasa au kikundi cha kazi.

6. Yaweke madeni mezani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Orodhesha kila deni, mdai wake na tarehe yake, kisha mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini. Waendee wadai na uombe kulipa kidogo kidogo. Usikope ili kukomboa hasara, na uepuke mikopo ya kausha damu. Mkopeshaji halali huwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Una haki ya kuomba kuiona kabla ya kutia saini.

Siku za mwanzo tarajia usingizi mchache, hasira na mawazo ya kurudi. Hali hiyo hupungua kadiri siku zinavyopita. Ukiteleza, usiseme kwamba yote yameharibika. Tafuta ni mlango gani ulibaki wazi, ufunge, na uendelee siku ileile.

Kwa familia

Matusi na kumfedhehesha mraibu mbele ya watu humfanya afiche zaidi. Kumlipia madeni kimyakimya nako humwondolea sababu ya kubadilika. Mkiamua kumsaidia, mlipeni mdai moja kwa moja, na iwe kwa sharti kwamba akaunti zote zimefungwa. Hifadhini hati za nyumba na shamba, na mbadilishe namba za siri za fedha za familia.

Mahali pa kupata msaada

Anzia katika kituo cha afya kilicho karibu nawe na ueleze tatizo bila kificho. Unaweza kupewa rufaa ya huduma ya afya ya akili. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, na Hospitali ya Mirembe, Dodoma, zina wataalamu wa fani hiyo. Tiba ya mazungumzo, inayomsaidia mtu kuchunguza na kubadili fikra zake kuhusu bahati na hasara, imewasaidia wengi. Vikundi vya waraibu wanaosaidiana pia vina historia ndefu: Gamblers Anonymous kilianzishwa Los Angeles mwaka 1957. Viongozi wa dini na wazee wa familia wanaweza kuwa nguzo, pamoja na tiba.

Madeni ya siri huweza kumfikisha mtu mahali pa kukata tamaa na maisha. Mtu akisema kwamba afadhali afe, msimwache peke yake na msingoje kesho; mpelekeni hospitali mara moja. Deni linaweza kupangiwa malipo, hata likichukua miaka.

Kama umesoma hadi hapa ukijitambua katika maelezo haya, fanya jambo moja kabla ya kulala leo: fungisha akaunti moja, au mwambie mtu mmoja ukweli wote.