Sumu ya Josho

Sogeeni karibu na redio. Kiongozi, shika chaki, uandike neno moja ubaoni kwa herufi kubwa: ASENIKI. Haya, someni pamoja: A-SE-NI-KI. Mara ya pili. Vizuri.

Aseniki ni sumu. Wazee wafugaji waliitumia miaka mingi, na wengi wao hawakulijua jina lake. Waliita dawa ya josho. Tangu mwanzo wa karne ya 20, majosho mengi ya ng'ombe katika Afrika yalitiwa dawa ya aseniki ili kuua kupe. Kupe ndiye anayeambukiza ndigana kali. Mwaka 1901 ugonjwa huo ulifika kusini mwa Afrika pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka huku kwetu Afrika Mashariki, ukafyeka makundi kwa makundi. Ndipo watu wakaanza kuchimba majosho kila mahali.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa nyingine zilichukua nafasi ya aseniki pole pole. Hata hivyo tunaizungumza leo, na mbele kidogo mtaona kwa nini.

Kwanza, sumu hii inauaje? Mwili wa ng'ombe, wa kupe, na wa mtu, wote umejengwa kwa chembe hai. Ni ndogo sana, macho peke yake hayazioni. Kila chembe ni kama nyumba yenye jiko lake. Chakula huchomwa humo, na chembe hupata nguvu ya kufanya kazi. Bakteria, ambaye ni kijidudu kidogo mno, ana chembe moja tu: nyumba moja, jiko moja, basi.

Aseniki huingia katika nyumba hiyo kwa sura mbili. Kiongozi, andika majina yake, moja chini ya jingine: ASENETI, halafu ASENAITI. Angalieni herufi vizuri, maana majina haya yanafanana kama mapacha. Tofauti ya vitu vyenyewe ni kwamba aseneti ina oksijeni zaidi.

Aseneti ni mdanganyifu. Kila chembe hai inahitaji fosfeti, ambayo wakulima wanaijua katika mbolea. Aseneti inafanana mno na fosfeti, kwa hiyo hupita katika mlango wa fosfeti bila kuzuiwa. Chembe huichukua na kuitumia kutengeneza akiba yake ya nguvu, lakini akiba hiyo huvunjika papo hapo. Ni kama kibarua aliyelipwa shilingi bandia. Amefanya kazi kutwa, na akifika dukani hapati hata chumvi.

Asenaiti haina haja ya kudanganya. Yenyewe hukamata. Wafanyakazi wa jikoni mwa chembe huitwa protini, na wengi wao wana salfa katika miili yao. Asenaiti huishika salfa hiyo kwa nguvu, kama mtu aliyefungwa mikono kwa kamba, na kazi husimama. Chakula kipo, lakini hakichomeki. Kati ya sura hizi mbili, asenaiti ndiyo kali zaidi, na ndiyo iliyotiwa joshoni.

Sasa lilitokea jambo la ajabu. Wafugaji walipima dawa sawasawa, wakaitia majini, kupe wakafa. Lakini katika majosho mengine dawa ilipokaa, nguvu yake ilipungua, na kupe wakatoka wazima. Mtu angeweza kumshuku mchanganyaji dawa kwamba ameiba. Bwana H. H. Green, mtaalamu wa kemia wa Onderstepoort karibu na Pretoria, alichunguza maji ya josho, na mwaka 1918 akaandika alichokiona. Ndani ya maji yale yale ya sumu waliishi bakteria, wazima kabisa. Bakteria mmoja alikuwa akiigeuza asenaiti kuwa aseneti. Yaani aliigeuza ile kali kuwa ile iliyo hafifu zaidi kwa kupe. Na humo humo alimpata bakteria mwingine anayefanya kinyume chake, anarudisha aseneti kuwa asenaiti! Baadaye, katika mwaka 1949, Bwana A. W. Turner wa Australia naye alieleza habari za bakteria wa majosho ya huko wanaoigeuza sumu hiyo.

Bakteria hawa wanaishije mahali ambapo kupe anakufa? Wana njia kadhaa, na iliyoenea sana ni pampu. Katika ukuta wa chembe yao iko protini inayosukuma asenaiti nje, kama watu wanaokumba maji katika mtumbwi unaovuja. Maji yanaingia, nao wanakumba bila kupumzika, na mtumbwi hauzami.

Lakini pampu hiyo haiijui aseneti. Basi bakteria hufanya jambo ambalo mimi niliposoma mara ya kwanza niliona ni wazimu: huigeuza aseneti, iliyo hafifu, kuwa asenaiti, iliyo kali, humo humo ndani ya nyumba yake. Akisha kuigeuza, anaisukuma nje mara moja. Tena hatengenezi pampu bure. Anaye mlinzi, protini nyingine, anayezuia kazi hiyo mpaka aseniki ifike. Aseniki ikimgusa mlinzi, yeye huachia, na pampu huanza kutengenezwa.

Nadhani mzee mmoja hapo darasani anataka kuuliza: "Mwalimu, kama bakteria wameigeuza sumu, basi mashimo ya zamani yamekwisha kuwa safi?"

La, mzee wangu. Chuma kikipata kutu hubadilika sura, lakini kingali chuma. Aseniki ni hivyo hivyo. Bakteria huigeuza na kuitoa nje ya nyumba zao, wala hawawezi kuimaliza. Haiozi. Jua haliiui, na moto hauiui. Katika jimbo moja tu la Australia, New South Wales, yamehesabiwa majosho ya zamani zaidi ya 1,600, na udongo wa mengi yao una sumu hata leo. Josho lililoacha kuua kupe si josho lililoacha kuwa na sumu.

Tena udongo mkavu huishika aseniki, lakini udongo ukituama maji, bakteria waweza kuigeuza kuwa asenaiti, nayo huachia udongo na kufuata maji. Kwa hiyo usichimbe kisima karibu na josho la zamani. Usipande mchicha hapo, wala usifyatue matofali kwa udongo wake. Watoto wasichezee hapo. Na akina mama wajawazito wanaopenda kula udongo, udongo huo wasiuguse kabisa.

Aseniki majini haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara, lakini aseniki hubaki sufuriani. Maji yakipungua, yenyewe inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani linashauri lita moja ya maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10, na kiasi hicho hujulikana kwa kupima tu. Mtu anayeyanywa maji yenye sumu hii kwa miaka mingi hupata madoa ya ngozi, viganja na nyayo huwa ngumu, na huweza kupata saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu.

Kiongozi, nikinyamaza uzime redio. Kisha waulize wazee na bibi wa darasa lako: josho la kwanza la hapa lilikuwa wapi? Lilitumika miaka gani? Leo pana nini mahali hapo, shamba, nyumba, au kisima? Choreni ramani ya kijiji ubaoni, mtie alama ya msalaba mahali pa kila josho. Yule anayeandika vizuri zaidi ainakili katika karatasi, nanyi mmpelekee bwana afya.