Neno la Umma, Alama ya Mfanyabiashara: Mafunzo ya Roubaix, Kikoi na Hakuna Matata

Utangulizi

Katika soko la Shianda, Kaunti ya Kakamega, baiskeli ni chombo cha riziki. Hubeba abiria, mitungi ya maziwa, magunia ya mahindi na mizigo ya miwa. Penye baiskeli nyingi hapakosi mafundi, na kila fundi hukipa kibanda chake jina alipendalo: neno la Kiswahili, neno la Kiluhya, ama jina la mji wa mbali alioupata kusikia redioni. Hulipaka ubaoni kwa rangi, akaendelea na kazi yake.

Je, itakuwaje iwapo siku moja atapokea barua ya wakili inayomwamuru afute jina hilo kwa sababu ni mali ya kampuni kubwa ya ng'ambo? Jambo la aina hii lilimpata mwenye duka la baiskeli nchini Canada mwaka 2013, na umma ukaja juu. Aidha, maneno ya Kiswahili chenyewe yamewahi kuwaniwa kwa njia hiyo hiyo. Makala haya yanadhamiria kueleza alama ya biashara ni nini, kwa nini kampuni huwa kali katika kuilinda, na ni kwa nini wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulifuatilia suala hili.

Maana ya alama ya biashara

Istilahi tatu huchanganywa mara kwa mara. Hakimiliki hulinda kazi ya sanaa au maandishi, kama vile riwaya na wimbo. Hataza hulinda uvumbuzi. Alama ya biashara hulinda ishara inayomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa za mfanyabiashara mmoja na za mwingine. Ishara hiyo yaweza kuwa neno, picha au mchanganyiko wa vyote viwili.

Ikumbukwe kwamba anayesajili neno kuwa alama ya biashara hanunui neno lenyewe. Hupata haki ya kulitumia peke yake katika aina fulani za bidhaa au huduma, na katika nchi aliyosajili tu. Mfumo wa kimataifa unaotumika katika nchi nyingi umezigawa bidhaa na huduma katika matabaka 45. Baiskeli na vyombo vingine vya usafiri vimo katika tabaka la 12. Mavazi yamo katika tabaka la 25. Nchini Kenya, shughuli hii inaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na usajili hufanywa na Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, ijulikanayo kwa kifupi kama KIPI. Usajili hudumu kwa miaka 10, na huweza kuhuishwa tena na tena.

Mfano ulio karibu nasi utalifafanua jambo hili. Mulembe ni salamu ya amani miongoni mwa Waluhya. Neno hilo hilo ni jina la kituo cha redio, Mulembe FM. Hakuna mkaazi wa Shianda aliyeacha kumwamkua jirani yake kwa sababu hiyo, wala sheria haimtaki aache. Anayeweza kujitia matatani ni yule atakayeanzisha redio nyingine na kuiita kwa jina hilo hilo, kwa kuwa msikilizaji atashindwa kujua ipi ni ipi. Huo ndio mpaka halali wa alama ya biashara: kumkinga mnunuzi asidanganyike. Ugomvi huzuka pale mpaka huo unaposogezwa.

Kisa cha Roubaix

Roubaix ni mji ulioko kaskazini mwa Ufaransa. Wapenzi wa baiskeli wanaufahamu kwa sababu ya mashindano ya Paris–Roubaix, yaliyoanza mwaka 1896 na yanayosifika kwa barabara zake mbovu za mawe. Kwa mwendeshaji baiskeli, jina hilo linabeba historia nzima ya ustahimilivu.

Mwaka 2013, askari wa zamani wa Canada aliyewahi kupigana Afghanistan alikuwa na duka dogo la baiskeli katika mji wa Cochrane, mkoani Alberta. Aliliita Café Roubaix. Kampuni ya Specialized ya Marekani, mojawapo ya kampuni kubwa za baiskeli duniani, ilikuwa ikiuza baiskeli zenye jina Roubaix na ilikuwa imelisajili jina hilo nchini Canada. Mawakili wake wakamtaka abadilishe jina la duka. Kushindana na kampuni kama hiyo mahakamani kungemgharimu pesa asizokuwa nazo.

Habari hizo zilipochapishwa gazetini mwezi wa Desemba 2013, waendeshaji baiskeli wa nchi nyingi walighadhibika. Waliapa kutonunua tena bidhaa za Specialized, wakamwagia kampuni lawama na dhihaka. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: jina la mji na la mashindano yaliyoanza karne ya 19 haliwezi kugeuzwa rungu la kumpigia mnyonge.

Baada ya hapo kukatokea jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kampuni nyingine, Advanced Sports International, iliyokuwa ikimiliki baiskeli za Fuji, ilijitokeza na kueleza kwamba ndiyo iliyokuwa na haki ya jina Roubaix tangu mapema, kwamba Specialized ilikuwa ikilitumia kwa idhini yake, na kwamba haikuwa na kinyongo na mwenye duka. Mwanzilishi wa Specialized, Mike Sinyard, alifunga safari hadi dukani Cochrane, akaomba radhi ana kwa ana. Duka likabaki na jina lake.

Tusiuchukue mkasa huu kama ngano ya sungura na fisi. Ni kweli kwamba sauti ya umma ilikuwa na nguvu. Hata hivyo, madai ya kampuni yalidhoofishwa pia na ushahidi: kulikuwa na mwingine aliyelitumia jina hilo mapema, naye alikuwa tayari kusema hivyo. Ghadhabu na ushahidi vilitembea pamoja.

Kwa nini kampuni huwa kali?

Si haki kuilaumu kampuni bila kuielewa hofu yake. Lugha ina tabia ya kumeza majina ya biashara na kuyafanya nomino za kawaida. Nchini Tanzania, pikipiki ya magurudumu matatu huitwa bajaji, hata ikiwa imeundwa na kiwanda kisichohusiana kabisa na kampuni ya Bajaj ya India. Nchini Kenya, si ajabu kumsikia mteja dukani akiomba "Colgate" ilhali anataka dawa yoyote ya meno. Mwanaisimu huufurahia mchakato huu, kwa kuwa ni dalili ya uhai wa lugha. Mwenye alama huuogopa kama ukoma. Aspirini lilikuwa jina la biashara la kampuni ya Bayer ya Ujerumani. Mwaka 1921 mahakama ya Marekani iliamua kwamba machoni pa wanunuzi wa kawaida neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa jina la dawa yenyewe, hivyo yeyote angeweza kulitumia.

Kwa hiyo, mawakili huwashauri wenye alama wasinyamaze wanapoona inatumiwa na wengine. Kosa lipo katika kutopima. Kuna tofauti kubwa kati ya kiwanda kinachoiga bidhaa ili kuwaibia wateja na mwenye duka dogo anayeenzi jina la mashindano ayapendayo. Barua moja ikitumwa kwa wote wawili kwa maneno yale yale, sheria hugeuka kitisho: mwenye mfuko mzito hushinda kabla ya kesi kusikizwa.

Kikoi: neno letu mashakani

Njia hiyo ya bajaji ina upande wa pili. Kama vile alama ya biashara inavyoweza kuwa neno la umma, ndivyo neno la umma linavyoweza kutwaliwa likawa alama ya biashara. Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika moja kwa moja.

Katika miaka ya 2006 hadi 2008, kampuni moja ya Uingereza, The Kikoy Company, ilitaka kusajili neno "Kikoy" nchini humo. Kila msomaji wa jarida hili anakijua kikoi: kitambaa cha pamba chenye pindo za rangi ambacho wanaume wa pwani hujifunga kiunoni. Kubadilisha irabu ya mwisho kuwa "y" hakubadilishi kitu masikioni. Iwapo usajili ungekubaliwa, wafumaji na wauzaji wa Kenya wangeweza kuzuiwa kuviuza vikoi vyao Uingereza kwa jina lake la asili.

Wakenya walilalamika. La muhimu zaidi, malalamiko yao yalifikishwa panapohusika: pingamizi rasmi liliwasilishwa kwa msaada wa Traidcraft, shirika la Uingereza lililotetea biashara ya haki. Hatimaye ombi la kampuni halikufaulu. Kiini cha pingamizi kilikuwa hoja ya kileksika: kikoi ni jina la kitu chenyewe, na jina la kitu haliwezi kuwa la muuzaji mmoja. Ushahidi wa hoja kama hiyo haupatikani mbali. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inalo neno hilo. Ukurasa mmoja wa kamusi waweza kuwa ngao ya mfumaji.

Hakuna matata

Kisa cha tatu kina utata zaidi. Kampuni ya Disney iliomba usajili wa "Hakuna Matata" nchini Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotoa filamu ya The Lion King, na usajili ukakamilika mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Umma haukulijali jambo hilo hadi Desemba 2018, mwanaharakati Mzimbabwe, Shelton Mpala, alipoanzisha ombi la kuitaka kampuni iiache alama hiyo. Zaidi ya watu 100,000 walilitia saini.

Baadhi ya waliokasirika waliamini kwamba sasa Mswahili angelipishwa kwa kutamka maneno yake mwenyewe. Hilo halikuwa kweli, kama tulivyokwisha kueleza. Lakini kiini cha manung'uniko kilikuwa cha haki. Maneno hayo hayakubuniwa na Disney. Miongoni mwa mengine, yalikuwa yamevuma katika wimbo wa "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya, uliotoka mwaka 1982. Ni kwa nini basi mshonaji wa Mombasa anayetaka kuuza fulana zake Marekani awe na wasiwasi wa kuyaandika kifuani? Tatizo ni kwamba sauti hii ilipazwa miaka 15 baada ya usajili kukamilika. Watetezi wa kikoi waliwahi mlangoni. Watetezi wa hakuna matata walifika wageni wamekwisha kulala.

Hitimisho

Visa hivi vitatu vinatufunza kwamba hasira ya umma yaweza kumwaibisha mwenye nguvu, lakini neno hulindwa na mambo mawili: rekodi iliyoandikwa na pingamizi lililowahi. Nchini Kenya, ombi la kusajili alama hutangazwa, na yeyote mwenye sababu hupewa siku 60 kulipinga. Fundi wa Shianda naye anaweza kuulizia KIPI kabla ya kupaka rangi ubao wake.

Wajibu wetu kama wanafunzi wa Kiswahili unaanzia hapo. Maneno mengi ya ufundi, mavazi, mapishi na uvuvi yangali vinywani mwa watu bila kuingizwa katika kamusi yoyote. Kila tasnifu ya leksikografia inayokusanya msamiati wa wasusi wa mikeka au mafundi wa baiskeli, ikitaja mahali na tarehe, inaandika hati ya umiliki kwa niaba ya umma. Mali bila daftari huisha bila habari. Hali ni hiyo hiyo kwa lugha: neno lisiloandikwa na wenyewe litaandikwa na mwingine, kwa jina lake.