Nani Analilisha Gugumaji?

Bwawa la Nairobi, kando ya Kibera, lilijengwa mwaka wa 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa. Watu walishindana humo kwa mashua za tanga. Kisha gugumaji likalifunika. Kinyesi na maji ya sabuni kutoka Kibera huteremka Mto Motoine vikiwa na naitrojeni na fosforasi, chakula kile kile cha mahindi shambani. Huko Kawangware, Mto Nairobi huja na mbolea ya mashamba ya Kikuyu, kisha huongezewa uchafu wa mtaa. Kung'oa gugu tu ni kupalilia huku ukitia mbolea! Afadhali vyoo vya Umande Trust, Kibera: kinyesi hutoa gesi ya kupikia badala ya kuteremka mtoni.