Mtoto Hufuata Nyayo Kabla ya Somo

Katika kata ya Chanji mjini Sumbawanga, na kwingineko katika nyanda za juu za Ufipa, mtoto wa Kikristo ana njia iliyokwisha kupangwa: atabatizwa, atasoma mafundisho, atapokea Komunyo ya kwanza au Kipaimara, kila dhehebu kwa utaratibu wake. Manung'uniko ya wazee huanzia hapo njia inapoishia. Vijana wengi, wanasema, wakishapata Kipaimara ni kama wamepewa cheti cha kumaliza shule; hawaonekani tena. Lawama huwaangukia makatekista, walimu wa Shule ya Jumapili na simu za mkononi. Mimi naona tunatafuta tatizo pasipo pake. Imani humwingia mtoto kupitia mtu mzima anayeiishi mbele ya macho yake, na mafundisho huja kuipa maneno. Pale ambapo hakuna aliyeiishi, katekista hufundisha maneno yasiyo na kitu cha kuyashika.

Historia ya huku inaonyesha hivyo. Wamisionari wa Afrika, waliozoeleka kwa jina la Mapadri Weupe, walishika kituo cha Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikuwa ameagiza kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kuandaliwa miaka minne. Kujifunza majibu ya katekisimu hakuhitaji miaka minne. Muda huo ulikuwa wa kuizoea namna mpya ya kuishi, na watu wa kuiga walikuwepo. Mmoja wao alikuwa Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Mali, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga wa kizungu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akawa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa miaka zaidi ya 60 watu waliona mikono ileile ikifunga vidonda na kufundisha sala. Somo la namna hiyo halihitaji kukaririwa.

Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake *Fipa Families* cha mwaka 2006, anaeleza jinsi watoto wa Kifipa walivyolelewa zamani: wakiachishwa ziwa walihamia kwa babu na bibi, na baadaye walilala katika nyumba za watoto wa rika lao. Malezi yalikuwa mikononi mwa watu wengi, na hadithi na vitendawili vya usiku vilikuwa sehemu ya elimu. Kwa hiyo misheni ilipofungua mabweni, wazazi hawakuona ajabu kubwa mtoto kulelewa nje ya nyumba ya baba na mama. Msomaji anaweza kudai kwamba hapa ndipo hoja yangu inapovunjika, maana bweni lilifanikiwa bila wazazi. Lakini bweni lile lilikuwa zaidi ya darasa. Mtoto alilima, alikula, aliugua na kusali pamoja na watu wale wale waliomfundisha. Hilo ni tofauti sana na saa moja ya Jumapili.

Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali, na Kanisa likapoteza mkono huo wa malezi. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya miaka ya 1970, waliweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo. Jumuiya hukutana nyumba kwa nyumba, na nguvu yake iko hapo. Mtoto anayebeba mkeka na kukaa miguuni pa mama yake humsikia jirani akiombea deni linalomkosesha usingizi, na baada ya sala huona watu wakichanga fedha za mgonjwa. Lakini mara nyingi akina baba hawaji, na watoto hufukuzwa wakacheze nje wasipige kelele. Kisha tunashangaa kwamba hawaijui jumuiya.

Wapo watakaosema wazazi hawana muda. Lakini hakuna mtoto wa Kifipa aliyewekwa darasani kufundishwa ntumba, yale matuta ya duara ambamo nyasi hufukiwa zioze ili zirutubishe zao la msimu unaofuata. Alishika jembe dogo karibu na mama yake, akaona nyasi zinavyolazwa na udongo unavyorudishiwa juu. Kazi yenyewe ilikuwa shule. Sala fupi kabla ya kwenda shambani haiongezi saa katika siku. Wengine watasema mtoto aachwe achague mwenyewe akikua. Uhuru wake nauheshimu, na imani ya kulazimishwa huishia mlangoni mwa kanisa. Lakini hawezi kuchagua asichokijua. Wazazi humpa lugha yao bila kungoja idhini yake, naye akikua huitumia kusema hata yale wasiyoyapenda.

Liko jambo zito zaidi ya muda na uhuru, nalo ni hofu ya uchawi. Inasimuliwa kwamba jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Mtoto anayemwona baba yake akipokea Komunyo asubuhi, kisha usiku, mtu akiugua ghafla, akamwona akienda kwa mpiga ramli kutafuta nani kamloga, hujifunza mambo mawili, na lile la usiku ndilo linalomkaa. Anajua sasa baba humtegemea nani shida ikibisha hodi. Hapo hakuna semina ya vijana itakayofuta alichokiona. Lakini akimwona baba huyohuyo akimpeleka mgonjwa hospitali, akiwaita majirani kusali, na akikataa kumtuhumu bibi kizee wa nyumba ya pili, amefundishwa Injili zaidi kwa siku moja kuliko kwa mwaka mzima wa mafundisho. Kwa hiyo tusianze kwa kuuliza vijana wamekwenda wapi. Tujiulize walituona tukifanya nini siku ile mgonjwa alipozidiwa.